Mikwaju Miwili: Gharama ya Kutafuta Atributi katika XML

Ukifungua faili la XML la OpenStreetMap lenye ramani ya Dar es Salaam, utakuta karibu kila chenye maana kimewekwa kwenye atributi. Elementi ya `node` hubeba `id`, `lat` na `lon`. Jina la mtaa, aina ya jengo na huduma itolewayo humo vimo katika `tag`, kwa atributi mbili tu, `k` na `v`. `node` nyingi hazina `tag` hata moja, kwani ni pembe za kuta na mikunjo ya barabara. Nashikilia kwamba swali la XPath, lugha ya kutafutia ndani ya hati za XML, huwa jepesi pale mwandishi anapolitajia kila anachokijua kuhusu muundo huu, na wengi wetu hatukitaji.

Chukua `//@v`. Ni fupi, na mkono huizoea upesi. Lakini kwa kanuni za XPath 1.0, iliyopitishwa na W3C mwaka 1999, mikwaju miwili maana yake ni kupitia kila nodi ya hati, hata nafasi tupu zilizo kati ya mistari, na kuuliza kila mahali kama pana `v`. Ukiandika `/osm/way/tag/@v`, yaani ukitaka `v` za `way` pekee, elementi zinazochora barabara na majengo, zile pembe za kuta zinarukwa bila kuchunguzwa ndani.

Wapo wasemao kwamba kulifanya swali liwe jepesi ni kazi ya kichakataji, yaani programu inayolitekeleza. Hoja yao ina uzito. Mwaka 2002 Georg Gottlob, Christoph Koch na Reinhard Pichler walionyesha jinsi vichakataji vya wakati huo vilivyolemewa na hati ndogo kabisa, `<a><b/><b/></a>`. Swali lilishuka hadi `b`, likapanda kwa `parent::a`, likashuka tena. Kila mzunguko uliongeza muda maradufu. Wao wenyewe walitoa algorithimu iliyoondoa balaa hilo. Hata hivyo, kichakataji kisichopewa skima hakina namna ya kujua kabla ya kutafuta kwamba `v` haipatikani nje ya `tag`. Anayejua ni mwandishi.

Tena kuna jambo zito kuliko kasi. Mtu anayetafuta hospitali huandika `/osm/way[tag/@k='amenity' and tag/@v='hospital']/@id`, akaridhika. Sasa tazama duka la dawa lililomo katika jengo lililojengwa kuwa hospitali: `tag` moja inasema `amenity` ni `pharmacy`, nyingine inasema `building` ni `hospital`. Sharti la kwanza limetimizwa na `tag` moja, la pili na nyingine, na duka linaingia kwenye orodha ya hospitali. Masharti yote mawili yafungwe kwenye `tag` ileile: `/osm/way[tag[@k='amenity' and @v='hospital']]/@id`. Hapo duka linatoka, na kichakataji nacho hupitia `tag` za kila `way` mara moja, badala ya pengine mbili.