Kitanda Hakizai Haramu: Urithi wa Ulodi wa Ampthill

Wahenga walipotuachia methali 'kitanda hakizai haramu', sidhani waliwawazia mabwanyenye wa Uingereza. Maana yake tunaijua: mtoto akizaliwa ndani ya ndoa, mume ndiye baba, na majirani wafyate ndimi zao. Haiko mbali na ile hadithi ya Mtume isemayo kwamba mtoto ni wa firashi, yaani wa mwenye kitanda. Lakini kesi inayoifafanua methali hii vizuri kuliko nyingine ninazozijua haikuamuliwa na kadhi wa Lamu wala wa Mombasa. Iliamuliwa London mwaka wa 1976, ndani ya Baraza la Malodi, na kilichogombaniwa hakikuwa shamba wala nyumba. Lilikuwa jina.

Hebu tuanze na lugha ya hati. Mfalme au Malkia wa Uingereza anapomtunuku mtu ulodi wa kurithiwa, hutoa hati yenye muhuri, na hati hiyo ndiyo husema nani atafuata. Kwa kawaida maneno yake huwa haya: cheo kiende kwa warithi wa kiume wa mwili wake waliozaliwa kihalali. Mwenye cheo hawezi kukiuza. Hawezi kukiandika katika wasia. Hawezi kumpa mwana aliyemlea wala kumnyima kifungua mimba aliyemuudhi. Cheo hushuka chenyewe kama maji ya mlimani, kwa mkondo uliochimbwa na hati.

Sasa yatazame tena yale masharti mawili: 'wa mwili wake' na 'kihalali'. La kwanza ni la damu, la pili ni la ndoa. Kwa karne nyingi hakuna aliyekuwa na chombo cha kupima la kwanza, kwa hivyo la pili likafanywa thibitisho la yote mawili. Mama ana mume? Basi mtoto ni wa mume. Ndiyo hiyo 'kitanda hakizai haramu', ila imevaa joho na wigi.

Ulodi wa Ampthill ulitolewa na Malkia Victoria mwaka wa 1881 kwa Odo Russell, balozi wa Uingereza mjini Berlin na mtu wa ukoo mkubwa wa makabaila wa Bedford. Mwanawe, lodi wa pili, alikuwa gavana wa Madras kule India. Hao wawili hawakumpa mtu yeyote kazi ya ziada. Shida ilianza kwa mjukuu, John Hugo Russell, afisa wa jeshi la wanamaji, aliyemwoa Christabel Hart mwaka wa 1918.

Christabel hakuwa mke wa kukaa jikoni akisubiri. Alikuwa na duka lake la nguo katika mtaa wa kifahari wa Mayfair, alipenda dansi, na kabla ya harusi alikuwa ameweka sharti kwamba wasizae mapema. John alidai baadaye kwamba sharti hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyosikika, na kwamba tendo la ndoa halikuwahi kukamilika baina yao. Kisha, mwaka wa 1921, Christabel akaenda kwa mpiga ramli akaambiwa ati ana mimba ya miezi mitano. Daktari akathibitisha. Tarehe 15 Oktoba 1921 akazaliwa mvulana, Geoffrey.

John akaenda mahakamani kudai talaka kwa sababu ya uzinzi. Mke akajibu kwamba palikuwa na usiku mmoja, Desemba 1920, nyumbani kwa wakwe zake, ambapo mume alimkaribia bila kukamilisha jambo. Madaktari nao wakatoa ushahidi kuwa mwili wa Christabel akiwa mjamzito ulikuwa bado na dalili za ubikira. Kiswahili kina tafsida za kutosha kwa mambo haya. Magazeti ya London ya wakati ule hayakuona haja nazo, yakachapisha kila kitu hadi Mfalme George wa Tano mwenyewe akachukizwa. Mwaka wa 1926 Bunge lilipitisha sheria ya kubana habari za kesi za talaka.

Kesi ya kwanza, 1922, wazee wa baraza la mahakama walishindwa kuafikiana. Ya pili, 1923, waliamua kwamba Christabel alizini na mwanamume asiyejulikana. Rufaa ikamkataa. Akabaki na ngazi moja tu, Baraza la Malodi, na hapo mwaka wa 1924 majaji watatu dhidi ya wawili wakageuza kila kitu.

Kwa nini? Si kwa sababu walimwamini. Hapa ndipo wasimulizi wengi huteleza. Majaji walishika kanuni ya karne ya 18, iliyotajwa na Jaji Mansfield, kwamba mume na mke hawaruhusiwi kutoa ushahidi wa kutokutana kwao kitandani iwapo ushahidi huo utamfanya mtoto awe haramu. John alikuwa ndiye shahidi mkuu wa kesi yake mwenyewe. Alipozibwa mdomo, kesi ikaanguka. Mahakama haikusema mtoto ni wa John. Ilisema tu kwamba John hana ruhusa ya kusema si wake. Mwaka wa 1926, Geoffrey akiwa na umri wa miaka minne, Mahakama Kuu ikatoa tamko rasmi kuwa yeye ni mwana halali wa wazazi wake.

Msomaji asidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Sheria yetu ya Ushahidi hapa Kenya, kifungu cha 118, ina shina hilo hilo, na ilipitia India kabla ya kutufikia. Mtoto aliyezaliwa ndoa ikiwa hai, au ndani ya siku 280 baada ya kuvunjika mama akiwa hajaolewa tena, ni halali wa mume huyo. Ila ya kwetu imeacha mlango: isipokuwa ithibitishwe kwamba wawili hao hawakupata nafasi ya kukutana wakati mimba ilipoweza kutungwa. Waingereza wenyewe waliifuta ile kanuni ya kuwaziba midomo wanandoa mwaka wa 1949. Kwa Geoffrey, hukumu ilikuwa imeshapita.

John alirithi ulodi mwaka wa 1935, akiwa lodi wa tatu. Yeye na Christabel waliachana mwaka wa 1937. Akaoa tena, akafiwa, akaoa mara ya tatu, na mwaka wa 1950 mke huyo wa tatu akamzalia mwana ambaye hakuna aliyemtilia shaka. John alipofariki mwaka wa 1973, wana wawili wakaja na dai moja: Geoffrey, mwenye umri wa miaka 51, na mdogo wake, mwenye miaka 20 na ushei.

Mdogo alitaka tamko la 1926 litupwe, na damu ipimwe. Maendeleo ya sayansi yalikuwa yanaruhusu angalau kumwondoa mtu katika orodha ya wanaoweza kuwa baba. Geoffrey akakataa kutoa damu. Kamati ya Baraza la Malodi iliyosikiliza dai hilo, wakiwemo baadhi ya majaji wakuu wa nchi, haikumlazimisha. Aprili 1976 ikaamua: tamko la 1926 ni la mwisho, linamfunga kila mtu, na halifunguliwi kwa kuwa tu mtu amevumbua kipimo kipya. Christabel alikuwa amefariki mapema mwaka huo huo.

Mimi nawaunga mkono majaji wale, ingawa naona uzito wa upande wa pili. Kijana yule mdogo hakuwa na kosa, na huenda damu ingempa haki. Lakini fikiria mtu aliyejadiliwa tumboni mwa mama yake na taifa zima, akaambiwa na mahakama akiwa na miaka minne kwamba ana baba, kisha akiwa na mvi aambiwe tuanze upya. Kiswahili kina neno kali sana, mwanaharamu. Kosa ni la wakubwa, jina anabebeshwa mtoto. Ndiyo maana naiona methali yetu kuwa ya huruma kuliko ya unafiki: kwa tashihisi moja fupi kitanda kinabebeshwa kazi ya kuzaa, na ile haramu inakosa pa kutua.

Hata hivyo kitanda hakikulindwa milele. Mwaka wa 2016 majaji wa Baraza la Faragha la Malkia walisikiliza mzozo wa cheo cha Pringle wa Stichill, ubaroneti wa Uskoti uliotolewa mwaka wa 1683. DNA zilizotolewa kwa utafiti wa ukoo zilikuwa zimeonyesha kwamba mrithi mmoja, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, hakuwa wa damu ya mtu aliyeitwa baba yake. Majaji waliupokea ushahidi huo. Cheo kikahama kutoka kwa mwana wa baroneti aliyefariki mwaka wa 2013, kikaenda kwa binamu wa tawi jingine. Vizazi viwili vilikuwa vimekivaa bila kujua. Tofauti na kesi ya Ampthill ni moja tu, nayo ni kubwa: huko Uskoti hapakuwa na tamko la mahakama lililotangulia. Neno 'mwili' katika hati, lililolala kwa karne tatu, liliamka likadai maana yake.

Geoffrey Russell, kwa upande wake, aliketi katika Baraza la Malodi kama lodi wa nne wa Ampthill na akafanya kazi humo kwa dhati, hata akawa miongoni mwa manaibu wa spika. Mwaka wa 1999 malodi wengi wa kurithi walipofukuzwa na kubakizwa 92, yeye alikuwa kati ya waliochaguliwa kubaki. Alifariki Aprili 2011. Mwanawe David akawa lodi wa tano, kwa hati ileile ya 1881.