Shaba kutoka jiwe la kijani: jaribio la shule linavyofanyika, na mawe ya kutochoma

Mkoa wa Dodoma una mawe ya kijani ya aina mbili yanayochanganya watu. Lipo lenye shaba, na shaba inajulikana kuwepo Kinusi, wilayani Mpwapwa. Lipo pia la Haneti, wilayani Chamwino, linaloitwa krisopresi. Hilo ni jiwe la vito, na ukijani wake unatokana na nikeli. Kwa hiyo mwanafunzi wa Makole akiletewa jiwe la kijani na mjomba mchimbaji, asikimbilie kulichoma.

Kwanza ni kulipima maabara. Mbale ya shaba ya kijani, yaani malakaiti, ikiwekwa kwenye asidi hafifu ya salfuriki hutoa mapovu na asidi hugeuka bluu. Krisopresi haifanyi kitu. Chokaa nayo hutoa mapovu, ila haileti bluu.

Sasa kuitoa shaba yenyewe. Unga wa malakaiti ukipashwa moto hupoteza ukijani na kuwa mweusi. Gesi inayotoka hufanya maji ya chokaa yawe meupe kama maziwa, ishara ya kabonidayoksaidi. Unga mweusi uliobaki ni oksidi ya shaba: shaba iliyoshikana na oksijeni.

Hapo ndipo mkaa unapoingia. Unga huo huchanganywa na mkaa uliosagwa, hufunikwa kwa tabaka jingine la mkaa, kisha hupigwa moto mkali kwa dakika kama kumi. Kaboni ya mkaa inainyang'anya shaba oksijeni yake. Kwa alumini mbinu hii haifanyi kazi, maana yenyewe imeshikilia oksijeni kwa nguvu zaidi na hutolewa kwa umeme.

Wengi wanaharibu mwishoni. Wanafunua kabla haijapoa, hewa inaingia na shaba inarudi kuwa nyeusi. Wengine wanasubiri donge linalong'aa, wakati shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085, moto ambao neli ya kioo ya shuleni haiufikii. Kinachopatikana ni chembe nyekundu-kahawia. Na hata malakaiti safi ina shaba asilimia 57 tu, hivyo gramu 10 haziwezi kutoa hata gramu 6.

Mkaa si mbinu ya kitabuni tu. Wahunzi wa Buhaya na Ufipa waliyeyusha chuma kwa mkaa na tanuri za udongo zamani sana kabla ya maabara za shule.

Shule isiyo na gesi ina njia nyepesi. Malakaiti iliyosagwa huyeyushwa kwenye asidi hafifu, huchujwa, kisha msumari safi wa chuma hutumbukizwa humo. Muda si mrefu msumari huvaa koti jekundu la shaba na ile bluu huanza kufifia. Chuma kimeingia kwenye maji, shaba imetoka. Anayechanganya asidi ni mwalimu, na ni asidi inayoongezwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Maji ya betri nyumbani, hapana.

Tatizo ni jaribio linapohamia uani. Mbale ya shaba yenye salfa ikichomwa hutoa gesi inayobana kifua, hatari zaidi kwa mwenye pumu. Jiwe zito linalometa kama chuma linaweza kuwa na risasi. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walifariki baada ya mbale ya dhahabu yenye risasi kusagwa na kuchenjuliwa kwenye makazi ya watu.

Dhahabu nayo isichanganywe na somo hili. Mara nyingi iko ndani ya jiwe ikiwa tayari metali, haihitaji kunyang'anywa oksijeni. Wachimbaji wadogo huinasa kwa zebaki kisha huichoma zebaki hiyo, na mvuke wake ni sumu usioiona.

Kwa jiwe lisiloeleweka, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ina makao yake makuu na maabara hapo hapo Dodoma mjini.