Mzee wako yuko makazini? Jua dalili za kunyanyaswa na pa kwenda

Wadau, Tanga tunajulikana kwa waja leo waondoka leo. Lakini wapo waliokuja wakabaki, wale manamba walioletwa toka mikoa ya mbali na nchi jirani kukata mkonge. Mtu wa namna hiyo akizeeka hana mtoto wala ndugu, kimbilio lake ni makazi ya wazee kama yale ya serikali pale Mwanzange.

Hapa hatumnyooshei mtu kidole. Ila Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwenye makazi ya namna hii duniani, wahudumu 2 kati ya 3 walikiri kumtendea mzee ubaya ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo tuwe macho.

DALILI
1. Mwilini: michubuko isiyo na maelezo, alama za kamba mikononi, vidonda vya mgongoni au makalioni kwa kulala bila kugeuzwa.
2. Kutelekezwa: kakonda ghafla, midomo imekauka, nguo zina mkojo, dawa hapewi.
3. Moyoni: mhudumu akiingia ananyamaza, au hamwachwi muongee wawili tu.
4. Mali: pesa na shuka ulizopeleka hazionekani, au katiishwa dole gumba kwenye karatasi asiyoijua.

Dalili moja si ushahidi. Ngozi ya mzee huchubuka kirahisi, na mwenye maradhi ya kusahau anaweza kusema hajala kumbe kala. Ila usikimbilie kusema "uzee huo".

UFANYEJE
- Mwamkie, kaa naye faragha, muulize taratibu. Usimlazimishe.
- Andika ulichoona, tarehe na saa. Picha piga akiridhia tu, na usiirushe mtandaoni. Ni aibu yake, halafu wewe ukiondoka yeye anabaki pale pale.
- Mwone msimamizi. Asiposikia, au yeye ndiye mtuhumiwa, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri.
- Kapigwa au kabakwa? Nenda polisi Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3, kisha hospitali, mfano Bombo, siku hiyo hiyo. Akiwa mahututi, hospitali kwanza.

Huna mzee pale? Nenda hata hivyo, mara moja kwa mwezi na kipande cha sabuni. Mzee mwenye wageni haonewi kirahisi.