Helikopta Zilizoshuka Colito

Katika miaka niliyofundisha Historia kwenye chuo cha ualimu hapa Mpwapwa, kabla sijakabidhiwa shule ya kuiongoza, palikuwa na swali moja ambalo halikukosa kuulizwa. Wanachuo walipofika kwenye maasi ya jeshi ya mwaka 1964, mmoja wao angenyosha mkono na kusema: "Mwalimu, ilikuwaje nchi iliyopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikaokolewe na wale wale iliowatoa?" Wapo walimu waliolipita swali hilo upesi kwa kuona haya. Mimi naona halifai kupitwa. Na ili kulijibu vema, hapana budi tukitazame kwanza chombo kilichotumika siku ile, yaani helikopta: kinaweza nini, na wapi hushindwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam kwenye barabara ya Bagamoyo. Waliwakamata maofisa wao Waingereza na kuwasafirisha hadi Nairobi. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara iongezwe, na vyeo vya uofisa vishikwe na Waafrika. Siku iliyofuata kikosi cha pili kilichokuwa Tabora nacho kikaasi. Mjini maduka yaliporwa na watu wakauawa. Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alikwenda mwenyewe kuzungumza na waasi. Kabla ya juma kwisha, askari wa Uganda kule Jinja na wa Kenya kule Lanet nao walikuwa wamekataa kutii.

Msomaji na azingatie hali ilivyokuwa. Jeshi lote la nchi lilikuwa vikosi hivyo viwili tu. Baadhi ya polisi walikuwa wamepelekwa Zanzibar, ambako Mapinduzi yalitokea tarehe 12 mwezi huo huo. Serikali haikuwa na askari mwingine wa kumtuma. Ndipo Mwalimu Nyerere, kwa uchungu, alipokubali kuwaomba Waingereza msaada. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wa jana.

Meli ya kubeba ndege iitwayo HMS Centaur ilikuwa imekwisha kufika karibu na pwani kutoka Aden, ikiwa na makomando wa kikosi cha 45 cha askari wanamaji wa Uingereza. Alfajiri ya tarehe 25 Januari, manowari HMS Cambrian ilifyatua makombora yaliyopasuka angani, ili kishindo chake kiwababaishe waasi. Wakati huo helikopta za aina ya Wessex na Belvedere ziliruka kutoka kwenye sitaha ya Centaur, zikawashusha makomando wa mwanzo katika uwanja wa michezo ulio kando ya kambi. Pamoja nao alikuwepo Brigedia Patrick Sholto Douglas, mkuu wa jeshi hilo kabla ya maasi, ambaye alitumia kipaza sauti kuwataka askari wajisalimishe. Waliokuwa katika nyumba ya walinzi walipokaidi, roketi ilipigwa ikapasua paa. Muda si muda kambi ilitekwa. Waasi wachache waliuawa, wengi wakajisalimisha au wakakimbilia porini. Upande wa makomando hakufa hata mmoja.

Makomando hao hawakuwa wakijifunza kazi siku ile. Kikosi hicho hicho cha 45 ndicho kilichokuwa cha kwanza duniani kushambulia kwa helikopta kutoka melini, kule Port Said nchini Misri, tarehe 6 Novemba 1956. Siku ile helikopta 22 zilishusha watu zaidi ya 400 na tani 23 za mizigo kwa dakika 89. Zamani askari aliyetoka baharini ilimpasa kuteremka kwa mashua, apite mawimbi na mchanga huku adui akimtazama tangu mbali. Helikopta iliyaruka yote hayo. Iliweza kumweka mtu nyuma ya ukuta, juu ya kilima au kwenye uwanja wa mpira, bila kuhitaji njia wala daraja.

Mbinu yenyewe ina mambo manne. Kwanza, adui ashughulishwe mahali pengine, kama Cambrian ilivyofanya. Pili, pachaguliwe mahali pa kutua palipo karibu na lengo, pasiwe na miti wala nyaya. Tatu, wale wachache wanaotangulia wapashike mahali hapo kwa nguvu zote, maana helikopta hubeba watu kidogo kidogo na lazima irudi kuchukua wengine. Nne, kazi imalizwe mapema, kabla adui hajapata fahamu zake. Likikosekana moja kati ya hayo, ushindi huweza kugeuka msiba.

Maana chombo hiki kina udhaifu mwingi. Kelele zake husikika mbali. Bati lake ni jepesi, na kinapotua ni kama kuku aliyekalia mayai. Tena kinategemea hewa. Sisi wa uwanda wa kati tutaelewa upesi: mahali palipoinuka na penye joto, hewa huwa nyepesi, na helikopta hulazimika kupunguza mzigo. Vumbi nalo ni adui. Rubani anayetua penye vumbi kama la kwetu la mwezi wa Septemba huweza asiione ardhi aliyo juu yake. Mwezi wa Aprili 1980 Wamarekani walijaribu kuwaokoa mateka wao nchini Iran. Dhoruba ya vumbi na hitilafu za mitambo ziliwaharibia safari, na walipokuwa wakiondoka jangwani helikopta moja iligongana na ndege ya mizigo. Watu 8 walikufa bila adui kufyatua risasi hata moja.

Hata hivyo udhaifu ulio mkubwa zaidi hauko katika bati wala hewa. Helikopta humfikisha askari mahali. Haiwezi kumpa wenyeji. Tarehe 3 Oktoba 1993, mjini Mogadishu, Wamarekani walishusha askari kwa kamba kutoka kwenye helikopta ili kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Aidid. Kazi hiyo ilitarajiwa kwisha kwa muda wa saa moja hivi. Lakini helikopta 2 ziliangushwa, mji ukainuka, vita vikaendelea hadi asubuhi. Wamarekani 18 walikufa, na Wasomali kwa mamia. Chombo kilikuwa bora kuliko cha mwaka 1964, na askari walikuwa hodari. Tofauti ilikuwa kwa wananchi waliozunguka mahali pale.

Mfano mwingine uko jirani nasi kabisa. Mwaka ule ule wa 1964, Kongwa, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya yetu ya Mpwapwa, ilianza kupokea wapigania uhuru wa FRELIMO, na baadaye wa SWAPO, ANC na wengineo. FRELIMO walianza vita kule Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964. Mwezi wa Julai 1970, Jenerali Kaúlza de Arriaga wa Ureno alipeleka maelfu ya askari katika nyanda za Wamakonde, wengine wakishushwa kwa helikopta za Alouette juu ya kambi za wapiganaji. Kambi zilitekwa. Lakini wapiganaji walijigawa katika makundi madogo, wakaendelea kupata chakula na habari kutoka kwa wanavijiji, wakapanua vita upande wa Tete. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Wareno walikuwa wamefika kila mahali walipotaka kufika, wasiweze kukaa popote.

Basi Colito ilianguka kwa nini? Nilipata kuzungumza na mzee mmoja wa vijiji vya huku, mmoja wa askari waliorudishwa makwao baada ya maasi. Aliniambia, "Mwalimu, haki tuliyoidai ilikuwa yetu, ila tuliidai kwa mtutu. Tulipotazama nyuma hapakuwa na mtu." Nadhani hakuna kitabu kilichoeleza vizuri zaidi. Madai yao yalikuwa na ukweli ndani yake: taifa huru halikuwa na sababu ya kuongozwa na maofisa wa kigeni katika jeshi lake. Lakini waliziba mdomo wa serikali iliyochaguliwa, na mji ukaporwa kwa ajili yao. Raia hawakuwa na sababu ya kuwaficha wala kuwapigania.

Hapo ndipo ninapolijibu lile swali la wanachuo. Ni kweli, ilikuwa aibu, na Mwalimu Nyerere mwenyewe hakuificha. Mwezi wa Februari 1964 aliitisha mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika papo hapo Dar es Salaam, na baadaye mwaka huo kikosi cha Nigeria kikaja kuchukua nafasi ya Waingereza. Jeshi la zamani lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, chini ya Mirisho Sarakikya, likichukua vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Jina lenyewe lilikuwa jibu: jeshi lililo la wananchi halitazamiwi kugeuza mtutu kwa mwenye nyumba, wala mwenye nyumba hatakuwa na haja ya kumwita mgeni.

Kambi nayo ilibadilishwa jina. Colito ni mahali kule Ethiopia ambapo askari wa King's African Rifles walipigana mwaka 1941 chini ya bendera ya Uingereza. Lugalo, jina la leo, ni mahali kule Iringa ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Mwalimu kijana anayefundisha somo hili na ayaandike majina yote mawili ubaoni, kisha awaulize wanafunzi kwa nini moja liliondolewa na jingine likawekwa. Wakilijibu wenyewe, hatahitaji kulikwepa lile swali la kwanza.