Sentensi Zilizovurugwa

Tulipokuwa darasa la saba, mwalimu alitupa sentensi nne zilizovurugwa, tuzipange kwa herufi A hadi D. Mimi nilianza na msiba, kisha nikarudi kwenye ugonjwa, kama alivyokuwa akisimulia bibi. Nikapata sifuri.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Benjamin Franklin, aliyezaliwa Boston mwaka 1706. Baba yake alimwambia kwamba tahajia yake ni safi, ila mpangilio wa mawazo una kasoro. Kijana huyo, mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake, akachukua makala za The Spectator la London, akaandika kidokezo kifupi cha kila sentensi, kisha akavivuruga vyote kwa mkono wake mwenyewe. Akangoja majuma kadhaa ndipo avipange upya, aandike makala nzima na kuilinganisha na ile ya asili. Alijifunza usiku, alfajiri, na Jumapili, alipokwepa ibada. (Hilo la mwisho mwalimu wetu asingelipenda.)

Katika kumbukumbu za maisha yake, alizoanza kuziandika mwaka 1771, anakiri kwamba mara nyingine alijiona amewapita wenye makala katika mambo madogo madogo.

Mimi sikuulizwa kwa nini nilianza na msiba.