Nani Aliyekata Pua ya Lori?

Msikilizaji mmoja wa Temeke ameniletea swali ambalo nimeona linafaa kujibiwa kwa kirefu. Anasema katika filamu za Kimarekani huona malori yenye pua ndefu inayong'aa, yakivuta tela refu kama behewa la treni, lakini yale yanayotoka bandarini kwetu kwenda Tunduma au Rusumo mengi yana uso bapa kama ukuta. Anauliza kama malori ya pua yamepigwa marufuku, na ni kwa sheria ipi.

Jibu ni kwamba pua yenyewe haikupigwa marufuku. Serikali ziliweka mipaka ya urefu, na hapo ikawa ni suala la futikamba kuanzia wapi na kuishia wapi.

Tuanzie Ujerumani Magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 malori makubwa ya huko, kama vile Krupp Titan na Mercedes-Benz L 6600, yalikuwa na pua ndefu, injini ikiwa mbele ya dereva. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Hans-Christoph Seebohm, alikuwa na shida mbili mkononi: barabara zilizokuwa zikiharibika, na shirika la reli la serikali lililokuwa likinyang'anywa mizigo na malori hayo. Dawa aliyoichagua ilikuwa kali. Kwa kanuni zilizoanza kuyabana malori mapya mwaka 1958, lori pamoja na tela lake halikutakiwa kuzidi mita 14 wala tani 24, ilhali kabla ya hapo zilikuwa zikiruhusiwa mita 20 na tani 40.

Sasa jiweke katika nafasi ya mwenye lori. Wewe unalipwa kwa shehena. Umepewa mita 14 tu, kuanzia bampa la mbele hadi taa za nyuma za tela. Pua ya mita moja na nusu ni mita moja na nusu ya mzigo unaouacha ghalani kila safari. Bila shaka utakwenda kwa mwenye kiwanda na kumwambia akukatie pua hiyo. Ndivyo ilivyokuwa. Injini ilisukumwa chini ya kiti, dereva akasogezwa mbele hadi magoti yake yakakaribia kioo. Mercedes-Benz walitoa lori la aina ya LP 333, lenye uso bapa na ekseli mbili za mbele zote zikigeuka kwa usukani, na Wajerumani wakalibatiza jina la jongoo. Mwaka 1960 serikali ililegeza kamba, ikaruhusu mita 16.5 na tani 32, lakini viwanda vilikuwa vimekwisha kubadili mitambo na michoro yao.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye jambo zito, na sioni likizungumzwa sana. Kanuni ile ilitungwa kwa ajili ya lami na reli. Aliyelipa ni dereva. Katika lori la pua, gari likigongana uso kwa uso, ni injini na chasisi vinavyofika kwanza kwenye ajali. Katika lori bapa vinavyofika kwanza ni miguu ya binadamu. Madereva niliozungumza nao pale Chalinze hawahitaji kuelezwa hayo na mhandisi. Wanajua wenzao waliokatwa miguu ndani ya kebini. Wanakumbuka pia joto la injini chini ya makalio, na jinsi kebini inavyorushwa pale ambapo kiti kimekaa juu kabisa ya ekseli ya mbele.

Nisiwe mwanasheria wa upande mmoja. Lori bapa lina sifa zake. Hukata kona kwa urahisi katika mitaa ya Kariakoo, na dereva humwona mtoto anayepita mbele ya bampa, jambo ambalo pua ndefu humficha. Tatizo la mafundi kushindwa kuifikia injini nalo lilipata ufumbuzi pale kebini ya kuinuliwa ilipoenea. Kule Marekani kampuni ya White ilikwisha kuitoa mwaka 1949. Ila mwulize utingo aliyelala njiani. Kabla ya kuinua kebini ni lazima akusanye sufuria, chupa ya chai na kila kilicholegea, la sivyo vyote vitajaa kwenye kioo cha mbele. Lori la pua unafungua boneti tu, fundi anasimama juu ya tairi na kuanza kazi.

Nimeitaja Marekani. Wengi hudhani Wamarekani wana malori ya pua kwa sababu ya kupenda makuu. Mapenzi yapo, na filamu za miaka ya 1970 ziliyachochea, lakini na wao pia walipata kuishi katika enzi ya uso bapa. Kila jimbo lilikuwa na kipimo chake cha urefu wa gari zima, na lori la safari ndefu lililazimika kutii jimbo lililokuwa kali kuliko mengine njiani. Mwaka 1959 kampuni ya GMC iliuza lori ambalo kebini yake, kutoka bampa hadi ukuta wa nyuma, ilikuwa na inchi 48 tu, yaani kama mita moja na robo. Watu waliliita boksi la biskuti.

Kisha ikaja sheria ya uchukuzi wa barabara ya mwaka 1982, ambayo Rais Reagan aliitia saini tarehe 6 Januari 1983. Sheria hiyo ililazimisha majimbo yote, katika barabara kuu za taifa, kuruhusu tela la futi 48, na ikayakataza kuweka kikomo cha urefu wa gari zima. Futikamba ikahamia kwenye tela peke yake. Kichwa kikawa huru. Mwenye lori hakuwa tena na faida yoyote ya kumbana dereva, na katika miaka iliyofuata pua ikarudi, na nyuma yake kitanda kipana chenye kabati. Baadaye matela ya futi 53, zaidi kidogo ya mita 16, yakawa ya kawaida huko, na lori bapa la safari ndefu likawa adimu.

Ulaya haikufuata njia hiyo. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1996 yanasema kichwa na tela lake visizidi mita 16.5, na kutoka kwenye pini ya kuungia hadi mwisho wa tela zisizidi mita 12. Toa mwenyewe. Zinabaki mita nne na nusu, na humo humo inaingia sehemu ya tela iliyo mbele ya pini. Lori la pua lenye kitanda haliingii humo kwa urahisi, isipokuwa likivuta tela fupi kama la tangi la mafuta. Scania, waliokuwa wameng'ang'ania pua kwa miaka mingi, waliacha kuyatengeneza mwaka 2005.

Sisi tunaingia wapi? Tunaingia kama wanunuzi. Scania za pua zilipata heshima kubwa katika njia zetu, na kiwanda cha TAMCO pale Kibaha kiliunganisha magari ya kampuni hiyo. Hata leo fundi wa zamani atakusimulia habari za Scania 111 ikipanda Kitonga kama anayemsimulia marehemu babu yake. Sheria yetu ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56, na kinachomnyima dereva wetu usingizi ni mizani zaidi kuliko futikamba. Lakini malori mengi tunayoyanunua yamekwisha kutumika Ulaya, kwa hiyo kipimo kilichokatwa Brussels ndicho kinachoamua dereva wa Tandika akae wapi.

Huko Ulaya kwenyewe mambo yameanza kugeuka. Mwaka 2015 maagizo yale yalirekebishwa ili kebini iruhusiwe kurefushwa kwa ajili ya usalama, kuona vizuri na kupunguza mafuta, kwa sharti kwamba nafasi hiyo isiongezewe mzigo. Mwaka 2021 DAF walitoa malori ya kwanza yaliyotumia ruhusa hiyo, pua yake ikiwa imetokeza sentimeta 16. Yatatumika huko miaka kadhaa kwanza, halafu yatauzwa, na baadhi yake tutayaona yakishushwa bandarini Dar es Salaam.