Programu isiyojua lugha ya mkulima haiuziki: Funzo la herufi mbili za Meru na Embu

Majuzi nilialikwa mjini Meru kuzungumza na vijana wanaosomea uundaji wa programu za kompyuta. Nilipomaliza, kijana mmoja aliinua mkono na kuniuliza kwa heshima, ingawa nilihisi ananisuta: “Prof, sisi tunajifunza kuandika programu, kusimamia bidhaa na kupanga mikakati ya biashara ya teknolojia. Sasa mwalimu wa Kiswahili atatusaidia na nini?”

Ukumbi uliangua kicheko. Nami nilicheka, kwani swali lilikuwa zuri. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu saa zilikuwa zimeyoyoma. Leo nataka kumjibu kwa utaratibu, na nitaanza mbali kidogo na Mlima Kenya.

Mwaka wa 1985, katika mji wa Bonn nchini Ujerumani, mhandisi aitwaye Friedhelm Hillebrand aliketi mbele ya taipureta yake akaanza kuandika sentensi za kawaida, zile ambazo mtu angependa kumtumia mwenzake. Kila alipomaliza moja alihesabu herufi, nafasi na vituo. Aligundua kwamba karibu sentensi zote hazikufika herufi 160. Hicho ndicho kikawa kipimo cha ujumbe mfupi wa simu ambao sote tunaujua. Ujumbe wa kwanza wa aina hiyo ulitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992.

Ili herufi 160 zitoshe katika nafasi ndogo iliyokuwepo, wahandisi walilazimika kuchagua orodha fupi ya herufi zitakazokubaliwa. Waliingiza alfabeti ya Kiingereza, tarakimu na alama za vituo. Waliingiza pia herufi maalumu za Wajerumani, za Wahispania na za watu wa Skandinavia, na hata herufi kubwa kadhaa za Kigiriki. Hapo orodha ikajaa, na mlango ukafungwa.

Hapakuwa na ĩ. Hapakuwa na ũ.

Msomaji wa pwani huenda akauliza: kwani hizo zina maana gani? Kiswahili kina irabu tano. Kimeru na Kiembu, kama Kigikuyu, vina irabu saba. Zile mbili za ziada huandikwa kwa alama ya kiwimbi juu ya i na u. Mmeru akisema mtu huandika mũntũ; Mwembu huandika mũndũ. Ukiondoa viwimbi hujapunguza mapambo tu. Umeweka irabu nyingine kabisa mahali pa ile iliyokusudiwa, na unamtegemea msomaji akisie.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Ujumbe ukiwa na herufi moja tu isiyo katika orodha ile, simu hubadilisha mfumo mzima wa kuuhifadhi. Kila herufi sasa huchukua nafasi kubwa zaidi, na kipimo hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67 kila kimoja, na kila kipande hulipiwa kama ujumbe kamili. Kwa hiyo habari ya herufi 150 iliyoandikwa kwa Kiswahili hulipiwa mara moja. Habari ya urefu huo huo kwa Kimeru sanifu hulipiwa mara tatu.

Kiswahili kiliponea kwa bahati. Kamati iliyoanza kazi ya kukisanifisha katika makoloni ya Afrika Mashariki mwaka wa 1930 haikujua lolote kuhusu simu za mkononi. Hata hivyo, tahajia iliyorithi na kuienzi haikuhitaji alama yoyote juu ya herufi. Hata ng’ombe wetu hupita salama, maana ritifaa imo katika orodha. Uamuzi wa tahajia ukawa, miongo kadhaa baadaye, faida ya kibiashara.

Nimelijua jambo hili si kwa kulisoma tu. Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng’ombe wa maziwa, ambacho sitakitaja, kilipata vijana waliounda mfumo wa kuwatumia wanachama taarifa kila mwisho wa mwezi: kilo za maziwa, makato, na kiasi kitakacholipwa. Mwanzoni taarifa zilikuwa kwa Kiingereza. Wakulima wakalalamika. Nikaitwa nizifanye Kiswahili.

Nilifanya kazi ile kwa fahari ya msomi. Palipokuwa na neno la Kiingereza la salio, nilitia “bakaa”, istilahi safi ya uhasibu. Nilijipongeza kimoyomoyo.

Mwezi wa pili mzee mmoja alinijia sokoni na simu yake mkononi. “Mwarimu,” akaniambia, “hii bakaa ya elfu tatu ni pesa yangu ama ni deni nadaiwa?” Nilimweleza kwamba ni yake. Akatikisa kichwa. “Basi mumenipotezea. Mimi niliona ni deni, nikaanza kuuzia maziwa watu wa pikipiki ili nisikatwe tena.”

Jameni, neno moja! Mzee aliwauzia madalali kwa bei ya chini kwa wiki kadhaa, na ushirika ukakosa maziwa yake, kwa sababu profesa alipenda istilahi. Kosa halikuwa la waliounda programu. Msimbo wao ulifanya kazi barabara. Halikuwa la mzee pia. Lilikuwa langu. Nilimwandikia mwenzangu wa chuoni barua na kuituma kwa mfugaji.

Tulibadilisha neno lile tukaandika “Utalipwa”. Maswali ya aina ile yakaisha. Kisha baadhi ya wanachama wakaomba taarifa kwa Kimeru, ombi la haki kabisa. Tuliziandika vizuri, na viwimbi vyake. Mweka hazina alipoona bili ya jumbe alituita mbio. Uamuzi ukapitishwa katika kikao kimoja: viwimbi viondolewe. Nilinyamaza, maana sikuwa na pesa za kulipa tofauti hiyo. Mpaka leo kimya kile hunisumbua. Mhandisi wa Bonn hakuwa na nia mbaya hata chembe, lakini orodha yake iliingia katika chumba kile cha mkutano, ikapiga kura, na ikashinda.

Sasa tutazame bidhaa iliyofaulu, ili tusiimbe ya kushindwa pekee. M-Pesa ilianza kwa majaribio mwaka wa 2005, ikilenga jambo dogo: wateja wa shirika la mikopo midogo walipe mikopo yao kwa simu. Wasimamizi wa mradi, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliona kwamba watu waliopewa simu zile hawakufuata maagizo. Walitumiana pesa wao kwa wao. Waliwatumia jamaa waliokuwa mbali. Huduma ya mikopo ilikuwa ngumu, ila kutuma pesa kulieleweka na kila mtu.

Msimamizi mwingine angewakemea wateja kwa kutumia bidhaa vibaya. Hawa walibadilisha bidhaa. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ahadi yake ilikuwa moja tu: tuma pesa nyumbani. Huko ndiko kusimamia bidhaa, yaani kutazama mtu anafanya nini hasa, kisha kuacha ulichokipenda ili umpe anachokihitaji.

Tazama pia majina. Pesa ni neno lililotufikia kwa biashara ya Bahari ya Hindi, kutoka paisa ya Wahindi, na mkulima wa Runyenjes halihitaji kamusi ili alielewe. Kuna pia Sambaza, Okoa Jahazi, M-Shwari ya mwaka wa 2012 na Fuliza ya mwaka wa 2019. Ajabu ni kwamba baadhi ya maneno haya ni ya mabaharia. Mtu wa Nkubu au Manyatta ambaye hajawahi kuona jahazi likikata mawimbi husema bila kusita, “nimeokoa jahazi”. Shwari ni bahari iliyotulia, na yeye yuko mlimani. Kufuliza kamusini ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Mtaani sasa “nimefuliza” ina maana ya kukopa ili kukamilisha malipo. Bidhaa imelipa neno la zamani kazi mpya.

Hata Ushahidi, programu iliyoundwa mapema mwaka wa 2008 kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi, iliitwa kwa neno letu la kila siku. Ilitumika baadaye katika nchi nyingi za ulimwengu, na jina halikubadilishwa.

Sisi wanaisimu nasi tulikuwa na bidhaa zetu. Tuliunda tarakilishi, kipakatalishi na rununu. Mwishoni mwa 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisini iliyokuwa na menyu za Kiswahili. Muda si mrefu baadaye Microsoft nayo ikatoa Windows kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, kwani ilithibitisha kwamba lugha yetu inaweza kubeba teknolojia. Lakini nendeni katika duka lolote la huduma za mtandao hapo Embu mjini mhesabu mashine zilizowekwa kwa Kiswahili. Mtumiaji alikuwa tayari amejifunza kubofya maneno ya Kiingereza, na hatukumpa sababu ya kuhama. Tarakilishi ipo vitabuni na katika mitihani. Midomoni ipo kompyuta. Istilahi nayo ni bidhaa. Isipopata mteja hubaki ghalani.

Msije mkadhani ninasema tuandike ovyo kwa kuwa watu huzungumza ovyo. La hasha. Ninachosema ni kwamba usanifu wa lugha na usanifu wa programu vina kanuni moja: huwezi kumtengenezea mtu kitu kabla hujamsikiliza akizungumza.

Kuna watakaonikumbusha kwamba tatizo la viwimbi limepitwa na wakati. Simu za kisasa hutumia Unicode, mfumo uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991, ambao una ĩ na ũ, na ujumbe wa WhatsApp hauhesabiwi kwa herufi. Ni kweli. Lakini wafugaji wengi wazee bado wana simu za vitufe, na taarifa za benki, hospitali na ushirika bado huwafikia kwa ujumbe mfupi. Isitoshe, mazoea ni mabaya kuliko mashine. Wajukuu zetu wenye simu za bei ghali, ambazo viwimbi havigharimu chochote, huandika Kimeru bila viwimbi, kwa sababu hivyo ndivyo walivyoona kikiandikwa. Kizuizi kimeondoka, alama yake imebaki. Lugha hupungua hivyo hivyo, bila tangazo.

Basi, kijana wangu, hili ndilo jibu lako. Meru kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichopata hati yake mwaka wa 2013, na Chuo Kikuu cha Embu kilipata yake mwaka wa 2016. Mnahitimu kwa wingi, na wengi wenu mnaota kwenda Nairobi kuunda programu kwa wateja wasiowajua. Nendeni, siwazuii. Lakini kando ya vyuo hivyo kuna kahawa, chai, miraa, makadamia na maziwa, na kuna wakulima ambao kila mwezi husoma kiganjani hesabu wasiyoielewa. Hilo ni soko. Mshindani wako kutoka ng’ambo anaweza kukushinda kwa mtaji na kwa mashine. Hawezi kukushinda katika kujua kwamba nyanya yako akisoma “bakaa” atadhani anadaiwa.

Kwa hivyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, keti na watu watano watakaoitumia programu hiyo. Wasomee maneno ya kwenye skrini kwa sauti, kisha waombe wakueleze kwa maneno yao wenyewe. Andika maneno yao hayo. Pili, pima urefu wa kila ujumbe kwa lugha zote utakazotumia, na uiweke gharama hiyo katika bajeti tangu mwanzo, isije ikaonekana kama anasa ya Wameru baadaye. Tatu, anayekataa kutumia bidhaa yako usimwite mjinga. Huenda amesoma vizuri kuliko ulivyoandika.

Nami nina deni langu. Nimekiomba chama kile kinipe tena nafasi katika kikao chao kijacho. Hesabu ninayo: taarifa ya Kimeru ikifupishwa hadi herufi 70, na hilo linawezekana tukiondoa salamu na maneno ya ziada, itatoka na viwimbi vyake vyote kwa bei ya ujumbe mmoja. Kazi hiyo haihitaji mtaji wala mashine mpya. Inahitaji mtu anayejua lugha na mtu anayejua programu waketi meza moja.

Ukija, kijana wangu, nitakuwekea kiti.